Lujumba si Rujumba

Mke wangu amenikataza kuisimulia habari hii mbele ya wakwe, mbele ya watoto na mbele ya mchungaji, kwa hiyo nimebakiwa na nyinyi tu. Niseme mapema kwamba ni habari ya aibu, na si aibu ya kuteleza kwenye matope ukainuka ukajipangusa, bali ile ya kuonekana na kundi la watu wazima wenye kazi zao, chini ya taa kali, mahali ambapo mtu wa umri wangu haonekani na yeyote isipokuwa mkewe, kisha wote hao nikaendelea kukutana nao mjini na kusalimiana nao kana kwamba hatujawahi kujuana kwa kiasi hicho.

Ilikuwa miaka ya tisini, Kampala imeanza kupumua baada ya vita, majengo yanapakwa rangi (upande wa barabarani kwanza), na kila ofisi iliyopata rangi mpya ilitafutiwa pia semina. Mimi nilikuwa nafundisha lugha na mawasiliano katika chuo kimoja kule Kyambogo, na semina ndizo zilizotufanya watu wa aina yangu tujione muhimu. Basi hospitali moja ya mjini (siitaji, si kwa woga bali kwa sababu bado naweza kuugua) iliponiomba nikawafundishe wauguzi wake namna ya kusemezana kazini ili wagonjwa wasiumizwe kwa makosa, nilikubali kabla aliyetumwa hajamaliza sentensi.

Aliyekuja kunialika alikuwa Sista Kevina, msimamizi wa wodi ya wanaume wanaofanyiwa upasuaji, mwanamke mrefu, mpole, mwenye tabia ya kutazama mlango kabla ya kusema jambo. Nilimwuliza tatizo lao ni nini hasa. Akatazama mlango wa ofisi yangu, kisha akasema, "Mwalimu, pale kwetu watu wanajua kazi. Ila hawasemi."

"Hawasemi nini?"

"Chochote," akasema. "Ukiona kitu hakiko sawa unajiambia Bosi ameshakiona."

Huyo Bosi alikuwa daktari mkuu wa upasuaji. Sitamsema vibaya, maana hata walinzi wa getini walinieleza jinsi alivyobaki kazini miaka ya vita, wenzake wakiwa wamekimbilia nje, akipasua watu kwa mwanga wa taa za mafuta huku maji yakiletwa kwa ndoo. Mtu wa namna hiyo anastahili heshima, na aliipata, heshima nyingi mno, ya kutosha watu watatu. Akipita kwenye veranda, mazungumzo yalizimika kama redio iliyoishiwa betri.

Nikaandaa somo. Ubaoni niliandika neno moja tu, SEMA, kwa herufi kubwa, nikalipigia mstari chini mara mbili, na asubuhi nzima nikawahubiria wauguzi na wasukuma vitanda kwamba mtu mdogo akiona kosa amwambie mkubwa papo hapo, hata kama mkubwa ameshika kisu. Walitikisa vichwa. Waliandika. Mama mmoja mtu mzima aliyeketi mbele, nesi wa chumba cha upasuaji, aliniambia kwamba maneno yangu yamemwingia. Bosi mwenyewe hakuwepo, alikuwa na wagonjwa, na nakiri kwamba kutokuwepo kwake kulinipa ushujaa mkubwa sana.

Kabla ya chai niliwatangazia kwamba tutafanya igizo. Mimi nitakuwa mgonjwa mkaidi. Nitakana kila kitu, nitasema mimi si mgonjwa, mimi ni mwalimu wa chuo, nataka kuonana na mkuu wa hospitali, na wao kazi yao ni kunijibu kwa upole, wasinigombeze, wasinicheke. Niliwapa na jibu lenyewe, tukalifanyia mazoezi pamoja kama kwaya: "Tunakuelewa, ssebo. Tulia." (Ssebo kwa Kiganda ni bwana. Nilifurahishwa na namna walivyolisema. Lilikuwa na huruma ya kweli.)

Sasa hapa ndipo penye uamuzi mdogo ulioniponza. Sista Kevina alipendekeza nilale mezani na suruali yangu na shati langu, iwe basi. Mimi nikasema hapana, tufanye kama kweli. Nipeni gauni la hospitali, nipeni kitanda cha magurudumu, mniandike jina mkononi kama wagonjwa wenu. Sista akatazama mlango, kisha akafanya nilivyotaka. Alichana kipande cha plasta, akakiandika LUJUMBA kwa kalamu ya wino, akakibandika mkononi mwangu, maana ndilo jina langu, na ndivyo walivyowatambua wagonjwa wao wakati ule. Nguo zangu, pamoja na miwani, akazifungia kabatini.

Nikanywa chai yangu nikiwa ndani ya gauni lile linalofungwa kwa nyuma kwa kamba mbili (moja ilikuwa imekatika), nikala sambusa tatu za nyama, kisha nikaenda kujilaza kwenye kitanda cha magurudumu huko verandani, ili watu wakimaliza chai wanisukume kuniingiza ukumbini kwa kishindo. Kulikuwa na kajua kazuri. Nikafumba macho.

"Lujumba?"

Nikafumbua. Wasukuma vitanda wawili, mmoja kichwani, mmoja miguuni.

"Ndiye mimi," nikasema.

"Haya, twende."

Tukaenda. Ukumbi ulikuwa kulia, wao wakakata kushoto, nami nikafurahi, nikadhani wameamua kulirefusha igizo kwa kunizungusha kwanza, nikasema moyoni kumbe watu hawa wana kipaji. Na ili nisiwaangushe, nikaanza sehemu yangu. Nikapaza sauti. Nikawaambia mimi si mgonjwa hata kidogo, mimi ni mwalimu wa chuo, hamjui mnachokifanya, niitieni mkuu wa hospitali. Mmoja akamwambia mwenzake kwa Kiganda, "Huyu leo atatuchosha." Nikawaza, mwigizaji mzuri. Nikaongeza sauti. Wagonjwa waliokuwa wameketi verandani wakanitazama kwa masikitiko, na mwanamke mmoja akafanya ishara ya msalaba.

Mnaona nilichokuwa nakifanya. Nilikuwa naigiza ukweli wote niliokuwa nao, neno moja baada ya jingine, nikiumaliza. Wakati ulipofika wa kuuhitaji sikubakiwa na kitu kipya cha kusema.

Tulipopita milango ile ya kusukuma yenye vioo vya duara, harufu ikabadilika, na yule nesi mtu mzima aliyeketi mbele asubuhi akanijia akiwa amevaa kofia ya kitambaa na barakoa imening'inia shingoni. Nikamtabasamia. Alikuwa na sindano. Nikawaza, sasa hii imezidi, lakini bila shaka atajifanya tu, ataishika hewani kisha tutacheka. Akanipandisha gauni, akanipangusa paja kwa pamba baridi, na sindano ikaingia. Yote. Niliihisi dawa ikisambaa kama maji ya moto.

Nilishtuka kiasi kwamba kwa muda nilitulia kabisa, na yeye akaniambia, "Vizuri, hivyo hivyo."

Ndipo nikasema, sasa kwa sauti yangu ya kawaida, "Mama, ngoja. Mimi kweli si mgonjwa. Mimi ni mwalimu."

Mmoja wa wasukuma vitanda akasema, "Ndivyo alivyokuja akisema njia nzima."

"Mama, nisikilize, ulikuwa darasani kwangu leo asubuhi."

Akaniwekea mkono kifuani. Uso wake ulijaa wema. Kwake mtu kama mimi, bila miwani yangu, bila tai, bila ubao, kichwa juu ya mto wa plastiki, alikuwa mwanamume mwingine tu anayeogopa kisu, na wanaume wanaoogopa kisu husema mengi.

"Tunakuelewa, ssebo," akasema. "Tulia."

Nawaambia wazi kwamba sijawahi kusikia maneno ya kutisha kama hayo, na niliyatunga mwenyewe.

Akaleta beseni, sabuni na wembe. Sitaeleza kwa kirefu. Nilijaribu kukaza magoti lakini miguu ilikuwa imeanza kuwa ya mtu mwingine, sindano ile ilikuwa ya kumlegeza mgonjwa kabla ya nusukaputi, na ilifanya kazi yake kwa uaminifu. Mama yule alinyoa huku akivuma wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, akanigeuza huku, akanigeuza kule, akaniuliza nina watoto wangapi. Nikamjibu. Ndiyo, nilimjibu, tena kwa adabu, nikataja hata madarasa wanayosoma, maana mtu aliyeshika wembe pale humkosei adabu.

Kisha wakanisukuma chumba cha ndani chenye taa kubwa. Kulikuwa na mtaalamu wa usingizi nyuma ya kichwa changu. Kulikuwa na Bosi, amefunga aproni, bado hajanawa mikono. Na pembeni, akiwa na kofia na barakoa, alisimama mtu mrefu ambaye niliyatambua macho yake mara moja, naye akayatambua yangu. Alikuwa Sista Kevina. Walikuwa wamepungukiwa mtu, wakamwita kutoka kwenye chai aje kusaidia.

Moyo wangu ulitua. Nikajiambia nimepona, huyu anajua, ni yeye aliyeniandika jina kwa mkono wake. Nikamtazama. Akanitazama. Akamtazama Bosi. Kisha akatazama mlango, na akakaa kimya.

"Huyu ndiye Lujumba?" Bosi akauliza.

Lazima niwaeleze kitu hapa. Mgonjwa waliyekuwa wakimsubiri aliitwa Rujumba, jina la watu wa magharibi ya Uganda, na alikuwa na ngiri. Sisi Waganda hatuna ugomvi na herufi hizo mbili, L na R kwetu hukaa nyumba moja, ulimi huchukua yoyote iliyo karibu, kwa hiyo Rujumba huyo tangu alazwe alikuwa akiitwa Lujumba na kila mtu, na chumba cha upasuaji kilipotuma watu wamlete Lujumba, kililetewa Lujumba. Lakini mimi wakati ule nilikuwa sijui lolote kuhusu huyo mtu. Nilichojua ni kwamba daktari mkuu ameniuliza kama hilo ni jina langu, na ni jina langu.

"Ndiyo, daktari," nikasema.

Angalieni sasa. Mtu aliyetumia asubuhi nzima akiwaambia wengine waseme, hata mbele ya mwenye kisu, amefika mbele ya mwenye kisu. Nilikuwa na ulimi mzito, kweli, dawa ilikuwa imenikamata, lakini si dawa iliyoninyamazisha. Ilikuwa ile sura. Alikuwa na uso wa mtu ambaye huwezi kumpotezea wakati. Nilihisi aibu ya kumweleza kwamba amekosea, mbele ya watu wake, halafu mimi mwenyewe nikiwa katika hali ile.

Akanifunua. Akanitazama kwa makini, kisha akasema, "Umenenepa, mzee."

Hilo kwetu ni neno la heri. Mtu akikuambia umenenepa amekuambia mambo yako yanakwenda vizuri.

"Asante, daktari," nikasema.

Akabonyeza kwenye kinena, upande wa kulia. "Kohoa." Nikakohoa. Akabonyeza tena. "Kohoa tena." Nikakohoa kwa bidii, nikitaka kumridhisha. Vidole vikabaki palepale, na kwa mara ya kwanza nilimwona kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Sista Kevina alikuwa anatazama miguu yangu.

"Imerudi ndani," Bosi akasema. "Mwenyewe akilala, na yenyewe inalala."

Wote wakacheka kidogo, kwa kiasi kinachofaa. (Nami nikacheka. Sijui niwaambie nini.)

Mtaalamu wa usingizi akainamia uso wangu. "Mzee, hujala kitu tangu jana, siyo?"

Na hapa elimu yangu ikaniangusha kabisa. Sambusa tatu zilikuwa tumboni, na hata mimi nisiye daktari nilikuwa nimesikia kwamba mtu hulazwa kwa nusukaputi akiwa na njaa, kwa sababu chakula kikipanda akiwa amelala kinaweza kuingia mapafuni, na huo ndio mwisho wake. Nilitaka kusema nimekula. Akili yangu, iliyosoma kwa Kiingereza tangu darasa la kwanza, ikaona kwamba aliyekula anajibu kwa kukubali, nikakusanya nguvu zote nilizokuwa nazo nikasema, "Eee." Lakini mtu yeyote aliyelelewa na mama yake hapa kwetu, ukimwuliza hujala, akakujibu eee, amekuambia ni kweli, sijala. Mtaalamu wa usingizi akaridhika. Akachukua ile kofia ya mpira ya kufunika pua na mdomo.

Nilimtazama Sista Kevina tena. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Nataka mlielewe hilo vizuri, kwamba hakuwa mtu asiyejali. Alikuwa analia, na alikuwa hasemi.

Ile kofia ya mpira ilikuwa imenigusa pua tayari, inanuka kama ndala mpya, ndipo milango ikafunguliwa kwa kishindo na sauti ya Kiswahili cha kambi za jeshi ikajaza chumba.

"Nani hapa naitwa Rujumba?"

Kwa wale ambao hawakuwepo Kampala miaka ile, Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya askari, na kikisemwa kwa sauti kubwa mlangoni, watu wetu hawaulizi maana yake. Wanatafuta mlango mwingine. Mtaalamu wa usingizi aliinua mkono wake. Mama wa wembe alibandika mgongo ukutani.

Alisimama pale mzee mwembamba, mwanajeshi mstaafu kama nilivyokuja kujua baadaye, amevaa gauni kama langu, mkono mmoja ameshika gauni kwa nyuma, mkono mwingine ameshika ngiri yake kwa mbele, na alikuwa amekasirika kwa haki.

"Mimi ndiyo Rujumba," akasema. "Tangu jana sijakula kitu, hata maji. Naambiwa ngoja, naitwa sasa hivi. Nangoja. Nasikia Rujumba amekwenda tiyeta, kupasuliwa. Rujumba gani, na mimi niko hapa kwa benchi?" Akanisogelea, akanitazama tumbo, kisha akamgeukia Bosi. "Daktari, mimi nakuheshimu. Lakini huyu mutu mukubwa amepita mlango ya nyuma. Amekula zamu yangu."

Hakuna aliyemwambia tulia. Na hakuja kuniokoa, hilo liwe wazi. Alikuja kunishtaki. Kama angekuja mtu akasema mnampasua mtu asiye na ugonjwa, naamini mpaka leo wangemwambia wanamwelewa. Lakini mtu aliyekula zamu ya mwenzake, hilo ni kosa linaloeleweka na kila mtu Kampala, mkubwa na mdogo, na papo hapo chumba kizima kikanigeukia mimi kwa macho ya lawama.

Bosi akaushika mkono wangu, akasoma plasta. Kisha akausoma wa mzee.

"Hapa ni L," akasema polepole. "Na hapa ni R."

"Ni hiyo hiyo, daktari," mama wa wembe akasema kwa unyenyekevu.

Bosi alinitazama usoni, nadhani kwa mara ya kwanza. "Wewe ni nani?"

Nikasema, "Ni mwalimu wa semina."

"Una ngiri?"

"Sina, daktari."

"Umekula?"

"Sambusa," nikasema, na machozi yakanitoka.

Bosi akaifuta mikono yake kwenye aproni, kisha akasema bila kumtazama mtu, "Mtoeni."

Mkidhani hapo ndipo aibu iliisha, hamjui bahati yangu. Wasukuma vitanda walinirudisha kwa njia ileile, na verandani walikuwa wamesimama wanasemina wangu wote, wamemaliza chai, wananitafuta. Shuka lilikuwa limeteleza kwa haraka waliyokuwa nayo wale wawili, gauni limepanda, nami sikuwa na mikono ya kulishusha. Wanasemina wakaona mwalimu wao anatoka chumba cha upasuaji, amenyolewa nusu, amepakwa sabuni iliyokauka, analia. Wakapiga makofi. Walipiga makofi kwa muda mrefu, na muuguzi mmoja akatembea kando ya kitanda changu na daftari akiniuliza, "Mwalimu, na mgonjwa akiendelea kukana mpaka ndani kabisa, tufanyeje?"

Nililala usingizi wa ile sindano hadi alasiri. Niliamka wodini, na kitanda cha pili alikuwepo Mzee Rujumba, ameshapasuliwa, salama, bado ana usingizi. Mkewe alikuwa amekaa katikati yetu akimenya chungwa.

"Wewe ndiye uliyetaka kumlia mzee zamu yake?" akaniuliza.

"Hapana, nnyabo," nikasema, nikimwita mama kwa heshima ya Kiganda, "ilikuwa bahati mbaya."

"Mmh," akasema, na akanigeuzia mgongo. Alipokuja mgeni wa kumwona mume wake alimwonyesha mimi kwa kidevu.

Jioni Bosi akaja, Sista Kevina nyuma yake. Nilitegemea anifukuze, au amfukuze mtu, maana nilishaona hasira za wakubwa wa nchi hii na huwa zina njia ya kuteremka mpaka zimpate asiye na wa kumteremshia. Lakini alivuta kiti akakaa. Bila kofia na barakoa alionekana mchovu, nywele zimekuwa nyeupe kwenye masikio.

"Nilibonyeza nikakosa ngiri," akasema. "Nilimpima yule mzee kliniki, nilijua ni mwembamba. Nikaona wewe umejaa hivi. Nilijua kuna kitu." Akajikuna shingo. "Lakini nikajiambia, chumba kimejaa watu. Kama kuna kosa wangeniambia."

Sista Kevina, aliyekuwa amesimama nyuma ya kiti, akatazama mlango wa wodi.

"Mimi nilimwona, daktari," akasema. "Alipoingia tu nilimjua. Mimi ndiye niliyeandika ile plasta."

Bosi akageuka na kiti chake.

"Nilidhani unajua," Sista akaendelea. "Nilidhani labda ni mtu wako, umemwingiza. Huwa unaingiza watu wako bila kutuambia. Na aliyekuuliza swali mle ndani mara ya mwisho sasa yuko kliniki ya Port Bell anapima uzito wa watoto. Nikasema moyoni, kama kuna kosa Bosi angeliona."

Nilishika shuka kwa mikono miwili. Yaani nilikuwa nimelala pale, tumbo wazi, sambusa tatu ndani, katikati ya watu wawili waliojua, kila mmoja amemwachia mwenzake aseme, na mimi wa tatu, niliyejua kuliko wote, nimesema asante kwa kuambiwa nimenenepa.

"Tangu lini mnaniogopa hivi?" Bosi akauliza. Hakuuliza kwa ukali. Nadhani alikuwa hajui kweli.

Sista Kevina alifikiri kwa muda, kama mtu anayetafuta jibu la kweli na si la adabu.

"Sikumbuki, daktari," akasema. "Tulianza kwa kukuheshimu."

Bosi aliinuka kitini, akaenda kusimama dirishani, akatugeuzia mgongo, na akakaa hapo kwa muda ambao mke wa Mzee Rujumba alimaliza chungwa lake lote. Sitadai kwamba hospitali ile iligeuka peponi baada ya hapo, kwa sababu sikurudi kuangalia. Nilisikia tu kwamba siku hizi pale mgonjwa hutaja jina lake mwenyewe, na anachokuja kufanyiwa, kabla mtu yeyote hajashika wembe, na kwamba Sista Kevina hajapelekwa Port Bell.

Mimi semina nimeziacha. Nimeapa sitasimama tena mbele ya watu kuwaambia waseme kabla sijawauliza wanamwogopa nani, na kabla sijajiuliza mimi. Kiapo kingine ni kwamba nikiwa hospitalini, awe mgonjwa ni mimi au ni wa jirani, nitauliza kila kitu, hata nikionekana mjinga, na matokeo yake ni kwamba nimekuwa kero. Majuzi nilimpeleka dada yangu kuondolewa uvimbe shingoni, nikamwuliza nesi kama ana hakika na jina, nikamwuliza tena, na nilipouliza mara ya tatu akaniomba nitoke nje, nikatoka, nikakaa kwenye benchi nimenuna. Dirisha lilikuwa wazi. Baada ya muda nikamsikia nesi yule akimwuliza dada yangu jina lake upya, kwa hasira, herufi kwa herufi.